Wiki sita za yoga ya joto kabla ya Ramadhani

Jumatatu, 5 Januari

Naandika kwa sababu najijua: nisipoandika, baada ya wiki mbili nitakuwa nimesahau nilianzia wapi.

Niko Leeds, kaskazini mwa Uingereza, huu mwaka wa tisa. Kwetu Tanga. Kazi yangu ni kuhudumia wazee, zamu za usiku, saa kumi na mbili kwa mkupuo: kugeuza, kuogesha, kuvisha, kuinua. Mashine ya kuinulia tunayo, lakini mzee akianza kuteleza kitandani usiku wa manane huendi kuitafuta mashine, unamdaka. Mgongo ulianza kulalamika mwaka juzi, magoti yakafuata. Tangu Oktoba nasali nimekaa kwenye kiti.

Kiti ndicho kilichonileta huku. Dini imetupa nafasi, asiyeweza kusimama akae, na sina neno na ruhusa hiyo. Lakini nina miaka 46. Kila nikiinamisha kichwa hewani badala ya kukiweka chini, nahisi kuna kitu nimekiacha njiani nami bado naweza kurudi kukichukua.

Desemba mtaalamu wa viungo alinipima. Diski haijatoka, neva haijabanwa. Misuli ya nyonga na ya nyuma ya mapaja imekaza, ya kiuno imechoka. Alinipa karatasi yenye mazoezi manne, nikayafanya siku sita nikaacha. Nyumba baridi, zulia baridi, mwili unajikunja wenyewe kama jongoo aliyeguswa. Ndipo dada mmoja wa Bukavu, tunafanya naye kazi, akanitajia yoga ya joto, mazoezi ya kunyoosha viungo kwenye chumba kilichopashwa moto. Yeye anakwenda mwaka wa pili sasa. Akaniambia, "Dada, kule mwili unafunguka wenyewe, haulazimishwi."

Nimemuuliza daktari wangu kwanza, kwa sababu ya presha. Iko sawa, situmii dawa, akaniruhusu. Angekuwa na wasiwasi na moyo, mimba au dawa za presha angenikataza, na ningemsikiliza.

Lengo nalitaja hapa nisije nikaligeuza baadaye: Ramadhani inaandama katikati ya Februari. Usiku wa kwanza wa tarawehe nataka nisujudu chini, kwenye msala. Wiki sita, mara mbili kwa wiki, Jumatano jioni na Jumamosi asubuhi. Darasa la Jumamosi ni la wanawake peke yao.

Jumatano, 7 Januari. Darasa la 1

Nje nyuzi 1. Saa kumi jioni giza linaanza kutanda. Nimevaa suruali pana ya pamba, shati la mikono mirefu na mtandio mwepesi, na hakuna aliyenitazama mara mbili.

Mlango ulipofunguliwa joto likanipokea usoni, nikasimama pale pale. Tanga. Tanga ya Februari, saa nane mchana, umeme umekatika na feni imesimama. Chumba kina nyuzi 40, unyevu wa hewa asilimia 40 hivi. Wenzangu walikuwa wanashusha pumzi kama walioingia jikoni kwenye moshi, mimi mabega yalishuka yenyewe kabla sijatandika mkeka. Miaka tisa sijawahi kuhisi joto lililofika mpaka kwenye mifupa.

Mpangilio wenyewe ni mikao 26 na mazoezi mawili ya pumzi, moja mwanzoni, moja mwishoni. Dakika 90. Kila mkao unafanywa mara mbili, kwa mfuatano uleule kila siku, popote utakapokwenda. Nusu ya kwanza mmesimama, nusu ya pili mko chini. Mwalimu haonyeshi, anasema tu, nanyi mnajitazama kwenye kioo kinachochukua ukuta mzima.

Pumzi ya mwanzo: vidole vinaunganishwa chini ya kidevu, viwiko vinapanda mpaka masikioni huku unavuta hewa kwa pua kwa hesabu ya sita, kisha kichwa kinakwenda nyuma na hewa inatoka kwa mdomo. Kwenye hesabu ya nne nilikuwa nimeshajaa. Sikujua kwamba kifua changu kimekuwa kidogo kiasi hicho.

Katika mikao 26 niliyoweza kuijaribu ni 14. Mingine nilikaa, mingine nililala. Mwalimu aliniambia mapema kwamba kazi ya mgeni siku ya kwanza ni moja, kubaki chumbani. Nikabaki.

Jasho nalijua, nimezaliwa pwani. Hili lilikuwa jingine. Lilianza kwenye mikunjo ya viwiko, likateremka kwenye vidole, na kila nilipoinama niliona tone likijikusanya kwenye ncha ya pua, linanenepa, linatetemeka, linaanguka kwenye taulo. Nilipolala chali likaingia masikioni, sauti ya mwalimu ikawa inatoka mbali kama ya mtu aliye ng'ambo ya mto.

Nimelala saa saba mfululizo. Kwa mtu wa zamu za usiku hiyo ni habari.

Jumamosi, 10 Januari. Darasa la 2

Leo nimefanya makosa mawili, nayaandika yote. Nilitoka zamuni saa moja asubuhi nikaenda moja kwa moja, na nilikuwa nimekula wali wa jana muda mfupi kabla ya kutoka. Darasa lilianza saa tatu.

Tulipofika kwenye ngamia, ule mkao wa kupiga magoti na kujipinda kinyumenyume mpaka mikono ishike visigino, sikufika hata nusu. Nilirudi juu haraka, chumba kikageuka, macho yakaingia giza. Nikainuka nikimbilie mlangoni. Mwalimu akanizuia kwa sauti ya upole, nikae, nivute hewa kwa pua, nisitoke.

Alinieleza baadaye, na sababu yake ina maana. Kwenye joto mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi inatanuka ili mwili upoe, kwa hiyo damu nyingi iko pembeni. Ukiinuka ghafla ubongo unakosa kwa sekunde chache, na hapo watu huanguka. Ukikaa au ukalala inarudi.

Kosa la pili lilikuwa nyumbani. Nilikunywa lita moja na nusu ya maji matupu kwa pupa, kichwa kikaniuma mpaka magharibi. Jasho linatoka na chumvi, na ukirudisha maji peke yake chumvi iliyobaki mwilini inazidi kuwa nyepesi. Nimenunua pakiti za ORS, zilezile tulizokuwa tunapewa utotoni tukiharisha.

Sheria mpya: nisile chochote ndani ya saa mbili na nusu kabla ya darasa, nisiende moja kwa moja kutoka zamuni, maji yaanze kunywewa tangu asubuhi kidogokidogo.

Jumapili, 11 Januari

Nimempigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mgongo?"

Nikamweleza chumba, joto, jasho, mikeka. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe wanajifukiza." Nikamwambia hakuna nyungu, hakuna mwarobaini wala mchaichai. Akasema nyungu si majani, nyungu ni kutulia chini ya shuka mpaka mwili ukubali. Alinikumbusha alivyokuwa akitufunika mimi na kaka yangu tukiwa na mafua, sisi tunataka kutoka, yeye ameushika upindo wa shuka na kutuambia tuvute pole pole, tusipigane na mvuke.

Tusipigane na mvuke. Ndiyo maneno ya mwalimu wangu wa Leeds, kwa lugha nyingine.

Jumatano, 21 Januari. Darasa la 5

Joto limekuwa jepesi. Najua si chumba kilichobadilika. Mwili unaoingia kwenye joto mara kwa mara unajifunza: jasho linaanza mapema, linakuwa na chumvi kidogo kuliko mwanzo, na maji ya damu yanaongezeka. Mikao niliyojaribu leo, 21.

Jambo lililokuwa linanisumbua naliweka wazi, kwa sababu najua wako akina dada wengine wanaojiuliza. Je, yoga ni ibada ya watu wengine? Asili yake ni India na imefungamana na dini za kule, hilo halifichiki. Kwenye darasa langu hakuna sanamu, hakuna wimbo, hakuna maneno ya kuomba. Kuna kuhesabu, kuvuta hewa na kunyoosha goti. Mwishoni mwalimu anatushukuru, nami namshukuru kwa maneno yangu. Nimemuuliza shehe wetu, akaniuliza mimi nakwenda kutafuta nini. Nikasema mgongo. Akasema basi nitafute mgongo, na nikiambiwa niseme jambo lisilo langu ninyamaze. Mwenzangu anaweza kupata jibu tofauti, nami nitamheshimu.

Lililonigusa zaidi ni jina la mkao wa kupumzika. Kwa Kisanskriti unaitwa savasana, yaani mkao wa maiti. Unalala chali, visigino vinagusana, vidole vya miguu vinaanguka nje, viganja vinatazama juu. Mimi maiti nawajua. Nimewafunga videvu wazee wangu wengi, nimewanyoosha mikono, nimeketi nao mpaka ndugu wafike. Mara ya kwanza nilipolala hivyo mwili ulikataa, nikageuza viganja chini. Leo nimeviacha juu. Nilimkumbuka bibi mmoja aliyetutoka Novemba, jinsi uso wake ulivyolegea baada ya maumivu ya wiki nzima, machozi yakatoka na kuchanganyika na jasho, hakuna aliyejua. Dakika mbili tu, halafu tukaendelea na mikao ya chini.

Jumamosi, 24 Januari. Darasa la 6

Leo ni siku ya nusu kobe.

Nimeufanya mara tano kabla ya leo bila kuuelewa. Unapiga magoti, unakaa juu ya visigino, mikono inapanda juu, viganja vimebanana, kisha unashuka na mgongo ulionyooka mpaka paji la uso liguse chini, makalio yakibaki kwenye visigino. Mara zote paji langu lilikuwa linaishia hewani, kiasi cha ngumi mbili. Mwalimu alikuwa ananiwekea taulo lililokunjwa chini ya kichwa ili nisining'inie.

Leo niliacha kusukuma. Nilivuta hewa, nikaitoa, nikasubiri. Nikavuta, nikatoa. Kwenye pumzi ya tatu kiuno kikashuka kidogo kama mtu anayeketi baada ya safari ndefu, na paji likagusa mkeka. Mkeka ulikuwa umelowa, una harufu ya mpira na jasho. Nilikaa pale mpaka wenzangu wakaenda mkao mwingine. Ulimi wangu ulikuwa unasema Subhana Rabbiyal A'la bila mimi kuuambia.

Najua si sujudu. Kwenye sujudu makalio yanainuka, viganja vinakaa karibu na mabega, vidole vya miguu vinaelekea kibla. Lakini njia ya mgongo kwenda chini ni hiyohiyo, na imefunguka.

Mkao unaoutangulia ndio mgumu kwangu. Unakaa katikati ya visigino na kujilaza nyuma. Magoti hayataki. Nimeambiwa nikae wima tu, na taulo limekunjwa chini ya makalio, basi. Ukikaa hivyo ni karibu na kikao cha attahiyatu, kwa hiyo naufanyia kazi kwa adabu zote.

Alhamisi, 29 Januari

Siku ya mapumziko, nimesoma. Nataka kujua ninachokifanya kimetoka wapi.

Mfuatano huu wa mikao 26 ulisambazwa na Bikram Choudhury, mtu wa Kolkata aliyehamia California miaka ya 1970. Kwa muda mrefu darasa hili liliitwa kwa jina lake. Alitaka mfuatano uwe mali yake kwa hakimiliki. Mwaka 2015 mahakama ya rufaa ya Marekani ikakataa, kwamba mfuatano wa mikao haumilikiwi kama kitabu. Tangu mwaka 2013 wanawake walijitokeza kumtuhumu kwa udhalilishaji na ubakaji, naye akakana. Mwaka 2016 baraza la mahakama Los Angeles lilimtaka amlipe aliyekuwa mwanasheria wake, Minakshi Jafa-Bodden, zaidi ya dola milioni 6 kwa udhalilishaji wa kijinsia na kufukuzwa kazi. Akaondoka Marekani. Studio nyingi zimefuta jina lake, pamoja na ya kwetu. Ubaoni pameandikwa 26 na 2. Nimefurahi kulijua hili. Mwili wangu unanufaika na mikao hii, lakini sitalitaja jina lake kama la mwalimu.

Kuhusu faida, nimekuta mambo ambayo wauzaji wa joto hawayasemi. Jasho halitoi sumu, kazi hiyo ni ya ini na figo. Watafiti wa Colorado State University walipopima dakika 90 za darasa hili, wanawake walichoma wastani wa kalori 330 hivi, karibu na kutembea kwa haraka muda huohuo. Anayekuja kupunguza mwili ajue hivyo. Na mwaka 2018 ulitoka utafiti wa Texas State University, watu wa miaka 40 hadi 60 waliokuwa hawafanyi mazoezi, umri wangu kabisa. Wapo waliofanya mikao 26 kwenye nyuzi 40, wapo walioifanya kwenye chumba cha nyuzi 23, wiki 12. Uwezo wa mishipa ya damu kutanuka uliongezeka kwa makundi yote mawili. Kwa mishipa, basi, joto lenyewe halikuongeza kitu.

Kwa upande wa roho kuna habari ya matumaini zaidi. Mwaka 2023 watafiti wa Massachusetts General Hospital, Boston, walichapisha matokeo ya watu 80 wenye sonona. Waliopangiwa yoga ya joto kwa wiki 8 walihudhuria wastani wa madarasa 10 hivi, na karibu 6 kati ya kila 10 dalili zao zilipungua kwa nusu au zaidi. Kwa waliokuwa wakingoja zamu yao, ilikuwa asilimia 6. Walilinganishwa na wanaongoja, si na yoga ya chumba cha kawaida, kwa hiyo hapo pia huwezi kusema ni joto. Lakini mimi nayajua majira ya baridi ya huku, nimeshakaa Januari nzima bila hamu ya kupokea simu, na mwaka huu simu napokea.

Sasa mbona nisifanye nyumbani bure? Kwa sababu nyumbani nilifanya siku sita. Kwenye joto mwili wangu unakubali kuanza. Hiyo kwangu ni sababu tosha, na siihitaji iwe na cheti cha maabara.

Jumatano, 4 Februari. Darasa la 9

Nimejiumiza.

Mkao wa kusimama miguu imeachana, unainama mbele na kushika visigino kwa pembeni. Nilifika mbali kuliko siku zote, nikaona kwenye kioo mwili unakwenda, nikavuta. Nyuma ya paja la kushoto, juu karibu na mfupa wa kukalia, pakalia kidogo. Wakati ule hapakuuma. Usiku, nikimgeuza mzee wangu wa chumba cha mwisho, nikashindwa kukanyaga vizuri.

Hiki ndicho kitu cha kuogopa kwenye joto. Msuli uliopashwa unanyooka zaidi na maumivu yanasinzia, kwa hiyo kengele inayokuambia simama inachelewa kulia. Mwalimu alikuwa amesema tangu siku ya kwanza, fika asilimia 70 ya unapoweza. Nilimsikia, ila nilikitazama kioo kuliko nilivyomsikia.

Jumamosi nitaruka. Nitabaki na nusu kobe na kikao cha magoti, sebuleni, hita imewashwa, mkeka juu ya zulia.

Jumamosi, 14 Februari. Darasa la 11

La mwisho kabla ya mfungo. Nilisimama mstari wa nyuma karibu na mlango, nikafanya nusu ya kila mkao wa miguu. Mikao 24. Ngamia nimefika kwenye visigino, mkono mmoja baada ya mwingine, nikarudi juu polepole, giza halikuja. Kikao cha magoti nimekaa bila taulo kwa pumzi nne.

Usingizi wa mchana baada ya zamu: Desemba ulikuwa saa nne ukizidi sana, sasa ni kati ya tano na nusu na sita. Maumivu ya kiuno nikiamka, nilikuwa najipa 7 kwa 10, wiki hii 3. Uzito uleule. Goti la kulia bado linasema kitu nikiteremka ngazi.

Mfungoni sitaingia kwenye chumba cha joto mchana. Kutoa jasho kiasi kile na usiweze kunywa mpaka magharibi ni kujitafutia balaa, na mwili huu ni amana. Nitafanya mikao ya chini nyumbani, robo saa, baada ya futari.

Usiku wa kwanza wa Ramadhani

Msikiti umejaa mpaka ngazi za chumba cha wanawake. Niliweka kiti nyuma yangu, sikukirudisha ukutani.

Isha nimesali chini. Sujudu ya kwanza nilishuka kama kwenye nusu kobe, mgongo kwanza, pumzi ikitoka, na zulia lilikuwa kavu, lina harufu ya udi. Nilisahau kuhesabu. Tarawehe rakaa sita nimesali chini, ya saba na ya nane goti limekataa nikakalia kiti. Mama mmoja wa Kisomali kando yangu, ambaye miezi yote hii amekuwa akiniona kitini, alinishika mkono baada ya salamu akaubana, hakusema kitu.

Nimempigia mama njiani, kwao ilikuwa usiku mkubwa lakini alikuwa macho akiningoja. Nikamwambia sita. Akasema, "Alhamdulillahi. Mbili zilizobaki usizivute."

Jumamosi ya kwanza baada ya Idi nimeshaweka nafasi. Mstari wa nyuma, karibu na mlango.